Somo la 9: Kuinuka Tena Mezani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mit. 24:16, Kut. 16:14–21, Omb. 3:22, 23, Yos. 7:6–13, 8:1, 2, Mwa. 3:8–10, Gal. 6:1, 2, Mit. 25:16, Hes. 11:31–34, Yn. 21:3–17, Flp. 3:12–14.

Fungu la kukariri: Mithali 24:16. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, kisha ulirudie kila asubuhi ya juma hili. Angalia kwamba mtu anayeanguka katika fungu hili haitwi mnafiki wala mlegevu. Anaitwa mwenye haki, na kuanguka kwake kunahesabiwa mara saba. Kinachomtenga na mwovu ni kwamba yeye husimama tena.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapenya pori la Mgunda Mkali na kutokea Unyanyembe, penye mji wa Tabora wa leo. Kutoka hapo iliendelea magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, katika eneo la Tabora, tarehe 7 Novemba. Mizigo ilikwenda mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba karibu kilo 30.

Safari ndefu kiasi hicho haikukosa siku mbaya. Kulikuwa na siku za homa, siku za kukosa maji, na siku ambazo posho ililiwa kabla ya wakati wake. Lakini siku mbaya haikuurudisha msafara Bagamoyo ukaanze upya. Asubuhi pembe ilipigwa, mizigo ikainuliwa, na safari ikaendelea kutoka pale ilipolala.

Somo la juma hili linahusu safari nyingine. Mwamini ameamua kubadili ulaji wake, labda kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au magoti yanayouma, labda kwa sababu tu ameelewa kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu. Anakwenda vizuri kwa majuma kadhaa. Kisha siku moja anakula kupita kiasi. Je, kesho yake afanye nini?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, wengi walioacha njia ya afya hawakuangushwa na sahani moja. Waliangushwa na maneno waliyojiambia baada ya sahani hiyo.

JUMAPILI

Kibaba cha Siku Moja

Mpagazi wa njia ya kati alizoea kupimiwa posho kwa kibaba: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama gramu 700 za mtama, mahindi au nafaka nyingine iliyopatikana. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Palipokuwa na vijiji, chakula kilinunuliwa njiani kwa nguo za merikani na shanga. Lakini kabla ya kuingia Mgunda Mkali, ambako vijiji vilikuwa adimu, ilibidi kubeba posho ya siku nyingi kwa mara moja.

Hapo ndipo jaribu lilipokuwa. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba posho ya siku kadhaa mara nyingi ilikwisha mapema, kisha njaa ikafuata. Speke alipopita pori hilo tena, mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, mvua na njaa viliuandama msafara wake, na wapagazi wengi wakautoroka.

Si haki kuwacheka watu hao. Mtu aliyetembea kutwa na mzigo mzito, tumbo likiwa tupu, hawezi kuipima kesho kwa utulivu. Ndivyo ilivyo hata leo kwa mtu anayeanza mpango wa kula kwa kujinyima kupita kiasi. Anaacha kifungua kinywa, anaruka chakula cha mchana, halafu jioni anakula chakula cha watu wawili. Mara nyingi mwili ulionyimwa mno hudai deni lake kwa riba.

Soma Kutoka 16:14–21. Mungu aliwapa Waisraeli mana kwa kipimo gani, na kwa nini hakuruhusu ibaki hadi asubuhi?

Biblia ya Kiswahili ya Union hutumia hapa neno pishi kwa kipimo cha mana cha kila mtu. Aliyekusanya kingi hakuzidiwa, na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Lakini wapo waliokaidi wakaweka akiba. Asubuhi chakula kile kilikuwa na mabuu na kinanuka, na Musa akawakasirikia.

Wasomaji wengi huishia hapo. Fungu la 21 linaendelea. Watu waliokota asubuhi kwa asubuhi. Hakuna mahali panaposema kwamba wale waliokaidi jana walinyimwa mana ya leo. Chakula kilichooza kilikuwa matokeo ya kosa lao, nacho kilitosha kuwafundisha. Mana mpya ilishuka pia mbele ya hema zao.

Yeremia, akilia juu ya mji ulioharibiwa, alikumbuka jambo hilohilo (Omb. 3:22, 23). Rehema za Mungu hazitolewi mara moja kwa mwaka mzima, kwamba zikitumika zimekwisha. Zinakuja upya kila asubuhi.

Je, kuna eneo la maisha yako ambalo unaishi leo kana kwamba rehema ya Mungu ilikwisha jana?

JUMATATU

“Maji Ukiyavulia Nguo”

Fikiria mama mmoja wa Tabora, mwenye umri wa miaka 54, shemasi katika kanisa lake. Kliniki ilimpima ikamwambia ana kisukari. Muuguzi alimweleza kwa lugha rahisi: nusu ya sahani iwe mboga, ugali au wali usizidi ngumi yake mwenyewe, soda aiache, atembee kila siku. Kwa majuma saba alifuata. Viatu vikaacha kumbana, na vipimo vikaanza kushuka.

Kisha Jumapili moja kulikuwa na harusi ya ukoo huko Nzega. Pilau, mbuzi, chapati, keki, soda. Alipochukua kidogo, wifi yake akamwambia, “Wifi, leo ni sherehe yetu. Unataka bibi harusi aseme umesusa?” Sahani ya kwanza aliila kwa heshima. Ya pili aliila kwa sababu ilikuwa tamu. Ya tatu aliila kwa sababu alikwisha kusema moyoni, “Nimeshaharibu.”

Usiku alishikwa na kiu, akaamka mara nne kwenda chooni. Asubuhi palikuwa na keki iliyobaki. Akakumbuka methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akala. Akajiahidi kuanza tena mwezi ujao, sikukuu zikiisha.

Ni sahani ipi iliyomdhuru zaidi? Hesabu inasaidia hapa. Anayekula mara tatu kwa siku hula milo 21 kwa juma. Katika majuma saba mama huyu alikula milo 147. Mlo mmoja wa harusi, hata uwe mkubwa kiasi gani, ni mmoja baada ya 147. Lakini mwezi mmoja wa “nitaanza tena” ni milo 90. Harusi ilichukua saa chache, na mwezi mzima ukaondoka na methali.

Wahenga walisema pia kwamba kuteleza si kuanguka. Shetani naye anajua methali, ila huchagua zile zinazomfaa. Kabla mtu hajala humnong’oneza kwamba mara moja si kitu. Akishakula humnong’oneza kwamba mara moja ndiyo kila kitu. Maneno haya mawili hayawezi kuwa ya kweli yote pamoja.

Soma Yoshua 7:6–13 na 8:1, 2. Baada ya kushindwa Ai, Yoshua alifanya nini, na Mungu alimwagiza nini?

Israeli walikuwa wametoka kushinda Yeriko. Kisha wakashindwa na mji mdogo. Yoshua akararua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mpaka jioni, akatamani wangebaki ng’ambo ya Yordani. Mungu hakumwambia arudi ng’ambo. Alimwambia ainuke. Kosa likatafutwa, likaondolewa, na jeshi likarudi katika mji uleule likiwa na mpango mwingine. Kuanguka Ai hakukufuta Yeriko.

JUMANNE

Miongoni mwa Miti ya Bustani

Soma Mwanzo 3:8–10. Adamu na Hawa walifanya nini mara baada ya kula, na Mungu aliwaendeaje?

Anguko la kwanza la mwanadamu lilihusu chakula. Lilikuwa na uzito ambao sahani ya pilau haina, maana lilikuwa uasi wa wazi dhidi ya neno la Mungu. Lakini njia waliyoifuata wazazi wetu wa kwanza baada ya kula inajulikana na kila aliyewahi kujilaumu mezani: aibu, kisha kujificha, kisha kumlaumu mwingine.

Siku hizi miti ya bustani ina sura nyingine. Mama anaruka tarehe ya kliniki kwa sababu anauogopa mzani. Baba anafunga siku mbili kabla ya kupimwa ili namba ipendeze. Mwingine anameza vidonge mara mbili apate “kufuta” alichokula. Mwingine anaacha kwenda kwenye kikundi cha maombi kwa sababu aliwahi kusimama mbele ya kanisa akashuhudia jinsi Mungu alivyomsaidia kupungua, na sasa amenenepa.

Hatari yake si ya rohoni tu. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari, akiruka chakula kwa kujiadhibu anaweza kushukiwa na sukari mno: akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa, hata akazimia. Anayezidisha dawa bila ushauri anajitia katika hatari hiyohiyo. Anayekimbia kliniki anakosa msaada wakati ule anaouhitaji zaidi. Kitabu cha kliniki hakikuandikwa ili kumshitaki mgonjwa. Namba mbaya ndiyo inayomwonyesha mganga pa kusaidia.

Vivyo hivyo kufunga kwa ajili ya maombi kusigeuzwe fimbo ya kulichapa tumbo. Isaya 58 inaonyesha kwamba Mungu haangalii jinsi mtu anavyojitesa. Toba ya kweli ni kugeuka na kurudi njiani. Damu ya Kristo imetosha, na mwamini hatakiwi kuongeza juu yake njaa ya siku tatu.

Mungu aliingia bustanini akiuliza Adamu yuko wapi. Hakukosa kujua. Alikuwa anamwita atoke. Anayeungama kwake hupata msamaha na kutakaswa (1 Yoh. 1:9), na hata akianguka tena anaye Mwombezi kwa Baba (1 Yoh. 2:1).

Soma Wagalatia 6:1, 2. Kanisa linaagizwa kumrejesha aliyeanguka kwa roho gani?

Paulo anataja upole, naye anamwonya mrejeshaji ajiangalie mwenyewe. Neno la mzaha mlangoni mwa kanisa, kama vile, “Mama, si wewe uliyetufundisha kiasi juzi?” linaweza kumrudisha mtu nyuma ya miti kwa mwaka mzima. Neno jingine, “Mama, kesho jioni nakuja tutembee,” linaweza kumtoa huko siku hiyohiyo.

Katika kanisa lako, mtu aliyeshindwa katika jambo la afya angemwendea nani bila kuogopa kusemwa?

JUMATANO

Asali ya Kutosha

Soma Mithali 25:16. Sulemani anashauri nini kuhusu asali, na anataja hatari gani?

Wakazi wa Tabora wana sababu ya kulielewa fungu hili. Misitu ya miombo ya mkoa huo imekuwa na mizinga tangu zamani, na asali yake inajulikana mbali. Hakuna mtu huko anayehitaji kuelezwa kwamba asali ni njema. Sulemani naye hasemi kwamba ni mbaya, wala hakatazi mtu kuila akiipata. Anauliza kiasi kinachotosha, na anaonya kwamba kinachozidi hapo tumbo litakirudisha.

Hili ni fundisho muhimu kwa anayetaka kuinuka. Watu wengi hawaanguki kwa kupenda kitu kiovu. Wanaanguka kwa kupenda kitu chema bila kipimo: maembe ya msimu, karanga za kukaanga, wali wa Igunga, ukarimu wa ndugu. Asiyeona hivyo hukasirikia chakula, akaapa kutokula wali maisha yake yote, na kiapo hicho huvunjika kwenye msiba au harusi ya kwanza.

Njia ya misafara ina somo hapa pia. Baada ya shida za Mgunda Mkali, Unyanyembe palikuwa mahali pa kupumzika penye nafaka, maziwa na asali. Burton na Speke walikaa Kazeh zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea. Safari ilijaribiwa kwa njaa porini, na ilijaribiwa kwa namna nyingine penye wingi. Mtu anayebadili ulaji wake akumbuke hivyo: siku ya sherehe inahitaji maandalizi kama siku ya dhiki.

Soma Hesabu 11:31–34. Watu walikusanya kware kwa muda gani na kwa kiasi gani? Jambo hili linaonyesha nini kuhusu mioyo yao?

Walisimama mchana kutwa, usiku kucha, na kutwa ya pili. Aliyekusanya kidogo kuliko wote alikuwa na homeri kumi. Hicho hakikuwa kiasi cha njaa, maana mana ilikuwa ikishuka kila siku. Walikula kana kwamba kesho Mungu hatakuwapo. Mahali hapo pakaitwa kwa jina la makaburi ya tamaa.

Kwa hiyo anayeinuka ajiulize kwa upole, “Nilikuwa na njaa ya nini?” Mara nyingine jibu ni la mwili: hakula asubuhi, au hakulala. Mara nyingine ni la moyo: ugomvi nyumbani, ada ya shule iliyokosekana, upweke wa mjane ambaye sahani ndiyo mwenzake wa jioni. Mara nyingine ni mazoea tu, kama kula huku macho yako kwenye simu. Akani alitafutwa kabla Israeli hawajarudi Ai. Nawe itafute sababu yako kabla ya sherehe ijayo.

ALHAMISI

Mlo Unaofuata

Soma Yohana 21:3–17. Petro alikuwa ameanguka namna gani, na Yesu alianza kumrejesha wapi?

Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa (Yn. 18:18). Sasa, ufuoni mwa bahari ya Tiberia, Yesu amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, na anawaita wanafunzi wafungue kinywa. Hakumwambia Petro akae nje kwanza mpaka astahili. Alimlisha, ndipo akamwuliza maswali matatu na kumkabidhi kondoo. Kurejeshwa kwa Petro kulianzia kwenye mlo uliofuata, na mlo wenyewe uliandaliwa na Yule aliyekanwa.

Huo ndio wakati wa kurudi njiani baada ya kula kupita kiasi: mlo unaofuata. Asiyengoja Jumatatu, mwezi mpya au makambi yajayo huokoa siku nyingi. Hatua hizi zinaweza kusaidia:

1. Omba kwa ufupi na kwa ukweli. Mwambie Mungu kilichotokea bila kukipunguza na bila kukikuza. Kisha pokea msamaha, uamke.

2. Usiruke mlo. Subiri njaa ya kawaida, lakini wakati wa kula ukifika, kula chakula cha kawaida cha mpango wako. Asubuhi inaweza kuwa uji wa ulezi usio na sukari, kipande cha papai na maharage. Mchana, rudi kwenye sahani ile uliyofundishwa: nusu mboga kama matembele, kisamvu au mlenda, ugali wa ngumi moja, na maharage, choroko au samaki.

3. Kunywa maji na tembea. Matembezi baada ya kula huusaidia mwili kutumia sukari iliyo katika damu.

4. Usikimbilie mzani. Uzito unaoonekana asubuhi ya baada ya karamu kwa sehemu kubwa ni maji, chumvi, na chakula ambacho bado kimo tumboni. Ngoja siku yako ya kawaida ya kupima uzito. Lakini kama umeagizwa kupima sukari au shinikizo la damu, pima kama ulivyoagizwa.

5. Meza dawa kama ilivyoandikwa. Usiongeze wala usipunguze bila kumwuliza mganga.

6. Mwambie mtu mmoja. Mume, mke, mtoto mkubwa au mzee wa kanisa anayejua kutunza siri.

7. Panga sherehe ijayo mapema. Usiende na njaa. Andaa jibu la heshima kwa wifi au shemeji: “Nimekula nimeshiba, asante sana, nifungieni kidogo nipeleke nyumbani.” Jibu hilo halimvunjii mwenyeji heshima, nalo linaokoa sahani ya pili.

Kama kula kupita kiasi kunajirudia mara kwa mara, hasa kwa siri na kwa hali ya kushindwa kabisa kujizuia, au kama mtu anajitapisha baada ya kula, hayo yaweza kuwa maradhi yanayohitaji daktari pamoja na maombi. Kutafuta tiba hakuonyeshi upungufu wa imani.

Soma Wafilipi 3:12–14. Paulo, akiwa mtume wa miaka mingi, anasema bado hajafika. Anayasahau ya nyuma na kuyachuchumilia ya mbele. Mpagazi aliyeshinda akitazama nyuma alikotoka alijikwaa. Macho yake yalitakiwa njiani.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White alipokea njozi kuu ya matengenezo ya afya tarehe 6 Juni 1863 huko Otsego, Michigan. Wakati huo alikuwa amezoea sana kula nyama. Yeye mwenyewe alieleza jinsi mabadiliko yalivyomwia magumu mwanzoni: mkate wa kawaida haukumvutia, ikambidi aondoke mezani bila kula mpaka njaa ya kweli imfundishe kuupenda. Katika miaka iliyofuata, safarini na katika mazingira magumu, kuna nyakati alizotumia nyama kidogo. Ni katika makambi ya Brighton, Australia, Januari 1894, alipoamua kuiondoa kabisa mezani pake. Tangu Otsego hadi Brighton ni zaidi ya miaka 30.

Katika barua moja ya uzeeni alisimulia pia habari ya siki. Alikuwa ameiendekeza hamu yake, kisha akaazimia kuishinda, naye akapigana nayo mpaka akaugua kabla ya kuishinda. Hakuificha habari hiyo. Aliiandika ili wengine wapate moyo.

Habari hizi hazitolewi ili kumpa mtu kisingizio cha kukawia miaka 30. Zinaonyesha kwamba mjumbe wa Bwana mwenyewe aliijua barabara hii kwa miguu yake, na kwamba kila aliporudi nyuma hatua moja, hakuihesabu safari kuwa imekwisha. Ushauri wake juu ya kiasi, juu ya kutokula kati ya mlo na mlo, na juu ya kuacha angalau saa tano kati ya milo unapatikana katika The Ministry of Healing (1905) na Counsels on Diet and Foods, kilichokusanywa na kuchapishwa mwaka 1938. Wenye kisukari wanaotumia dawa wauzungumze mpangilio wa saa za kula na mganga wao kwanza.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kulichukulia kosa kwa uzito na kulikatia tamaa? Darasa litoe mifano kutoka katika maisha ya Petro na ya Yuda.

2. Katika ukoo wako, mwenyeji anajisikiaje mgeni akila kidogo? Waadventista wanawezaje kuheshimu ukarimu na wakati huohuo kulinda afya? Na wanaoandaa chakula cha makambi na harusi za kanisa wanaweza kubadili nini ili ndugu wenye kisukari wasilazimike kuchagua kati ya njaa na hatari?

3. Mshiriki mmoja anasema, “Mungu hajali ninachokula, anaangalia moyo.” Mwingine anasema, “Kila mara nikila kupita kiasi naona nimepoteza wokovu.” Ungemjibu nini kila mmoja wao kwa kutumia 1 Wakorintho 10:31 na Warumi 8:1?

4. Pitia tena Kutoka 16. Andika jambo moja ambalo utalifanya katika mlo wako unaofuata, si juma lijalo, kisha umwambie mtu mmoja aliye karibu nawe katika darasa hili ili akuombee kwa jina.